Magesa Wawili na Slaidi ya Siku ya Kumi na Nne

Mngekuwa hapa Bweri, barazani kwangu, ningeanza na vidole vyenu. Ningeangalia kidole cha pete cha mkono wa kushoto, pembeni kidogo ya ncha, nikajua nani alichomwa na mtu anayejua kazi na nani alichomwa katikati ya ncha na mtu mwenye haraka. Wa katikati anaumia siku mbili, hata kikombe cha chai anakishika kwa shida. Miaka thelathini na kitu niliwajua watu wa Musoma, Bunda na Butiama kwa damu yao. Sura zao nilizijua kidogo sana. Hadi leo mtu ananisalimia sokoni kwa furaha nami nabaki natabasamu tu, mpaka aniambie aliugua lini na wapi, hapo nakumbuka.

Naandika kwa ajili yenu mnaoanza maabara, na pia ninyi ambao hamtaki hata kuisikia maabara lakini mna watoto wanaopata homa. Swali mnaloniuliza ni lile lile: Mama Mafuru, hivi dawa ya malaria bado inafanya kazi? Nitajibu. Ila mtanivumilia, maana jibu langu lina watoto wawili wenye jina moja, na bibi mmoja ambaye hakukosea kitu chochote.

Aliyenifundisha kusoma slaidi ni Mzee Wambura, mtu wa Butiama, mfupi, mkali, mwenye koti jeupe lisilo na doa. Langu lilikuwa la zambarau kufikia wiki ya pili. Rangi ya Giemsa, ile tunayoipaka damu ili vimelea vionekane, haitoki, vijana, msijidanganye na sabuni ya tangazo. Kila asubuhi alikuwa anaichuja rangi ile mwenyewe, kwa utaratibu wa mtu anayechuja maziwa ya mtoto, kwa sababu rangi isiyochujwa inaacha vidoa vyeusi kwenye kioo, na mgeni wa kazi akiviona anaandika malaria mahali ambapo hakuna. Alitukataza kukausha tone la damu juani. Alitukataza pia kuacha slaidi wazi mezani, na mimi nikadhani huo ni ukali wa uzee tu.

Kituo chetu pale Butiama kilikuwa na sisimizi. Siku moja nilipaka slaidi sita, nikaziacha zikauke, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, tatu zilikuwa vioo vitupu. Sisimizi walikuwa wamekula damu yote, na mojawapo ilikuwa ya mwenyekiti wa kijiji, mtu asiyependa kuchomwa. Mzee Wambura alinituma mimi mwenyewe nikamwambie mheshimiwa kwamba malaria yake imeliwa na sisimizi na kidole kinahitajika tena. Mwenyekiti akanitazama mimi, akatazama kidole chake, ndipo akakinyoosha. Tangu siku hiyo slaidi zangu zilikauka ndani ya sanduku lenye mfuniko, na miguu ya meza nikaisimamisha kwenye makopo ya maji.

Amri kubwa ya Mzee Wambura ilikuwa moja: soma damu kwanza, jina baadaye. Alikuwa anafunika majina yote kwa plasta, tunabaki na namba. Alisema ukijua slaidi ni ya mwalimu mkuu utamtafutia malaria kwa bidii ili asirudi bure, na ukijua ni ya mlevi wa mtaani utachungulia mara mbili na kuandika hana kitu. Kwa hiyo namba tu. Viwanja mia moja, yaani vile viduara unavyoviona ukichungulia hadubini, ndipo useme hakuna. Vijana wengi huchoka kwenye cha arobaini. Mimi pia nilichoka, mpaka siku alipokaa karibu yangu akanionyesha kimelea kimoja kwenye kiwanja cha tisini na mbili.

Nikahamishiwa Bunda, na huko nilijifunza kwamba majibu yetu watu wanayaelewa kwa namna yao. Siku zile tulikuwa tunaandika alama za kujumlisha, moja hadi nne, kuonyesha wingi wa vimelea. Mtaani zikageuka wadudu. Mtu anatoka kliniki anasema nina wadudu wawili. Mzee mmoja mfugaji alipewa jibu la alama tatu, akakaa kwenye benchi akifikiri, kisha akarudi dirishani kwangu kwa adabu kabisa.

"Mwanangu, wakiwa watatu tu si mngenionyesha walipo? Ng'ombe mzima tunamtoaga kupe kwa mkono."

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Baadaye nikamrudia, nikamkalisha kwenye hadubini, nikamwambia achungulie. Alichungulia, akavua kofia. Kisha akauliza dawa inamezwa saa ngapi. Huyo hakuacha hata kidonge kimoja, nina hakika, kwa sababu alikuwa ameona mwenyewe.

Sasa niwaambie habari ya klorokwini, na hapa sitacheka.

Ninyi hamkuijua. Ilikuwa chungu, na wengi wetu ilituwasha mwili mzima. Mtu alikuwa akijikuna ukutani usiku kucha na asubuhi anasema afadhali homa. Lakini ilikuwa dawa. Tuliiamini kama tunavyoamini kwamba maji yakichemka yanaunguza. Mtu akirudi bado ana homa, tulisema alitapika, au alitema, au ana taifodi. Dawa yenyewe hatukuishuku.

Mafuru alikuwa mwanangu wa kwanza. Alikuwa na miaka minne na nusu. Alipata homa, nikampima mwenyewe, nikampa klorokwini siku tatu kamili kwa mkono wangu, huku nimembana magotini asiteme. Akapata nafuu. Baada ya siku nne homa ikarudi. Nikamchoma tena, nikapaka rangi, nikaona vimelea. Sikukubali. Nilisema ni vidoa vya rangi, sikuchuja vizuri. Nikapaka nyingine, nikaona vilevile, nikasema labda maji yana kasoro. Nilibishana na ile slaidi kutwa nzima, wakati mwanangu amelala nyumba ya pili. Tulipomfikisha wodini kuwekewa kwinini ya drip, degedege lilikuwa limeanza. Hakumaliza siku ya pili.

Baada ya matanga Mzee Wambura aliomba zile slaidi zote mbili. Alizisoma moja moja, viwanja mia, kama za mtu yeyote. Kisha akaniambia, "Rangi yako ilikuwa safi, mama."

Nimezaa wengine watatu baada yake, wote wazima, wana nyumba zao. Lakini Mama Mafuru ndilo jina nililobaki nalo, kazini na kanisani, na sikutaka kulibadilisha.

Miaka michache baadaye wakubwa wakaitoa klorokwini, ikaja SP, vidonge vitatu mara moja unamaliza. Watu waliipenda kwa sababu ya uvivu wetu sote. Nayo haikudumu. Mimi safari hii sikusubiri kuambiwa. Nilipoanza kuona slaidi chafu, zenye vimelea, za watu waliokwisha kunywa, nilipeleka taarifa, na wenzangu mkoani wakawa wanaona hivyohivyo. Ndipo ukaja mseto, dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Moja inavipiga vimelea haraka, nyingine inabaki nyuma kufagia vilivyojificha. Mara ya kwanza niliposoma slaidi ya mtoto siku ya tatu ya mseto, baada ya kuona damu yake siku ya kwanza imejaa, nilidhani wamenipa slaidi ya mtoto mwingine. Ilikuwa safi kabisa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia kidogo, kisha nikarudi kazini kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Mseto una masharti yake, na mimi nitawachosha nayo kama Mzee Wambura alivyonichosha. Dozi ya pili ni baada ya saa nane, kwa kuhesabu, na hapo ndipo wengi hukosea: wakisikia saa nane wanafikiri saa nane ya mchana. Nimemwona baba aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa saba na nusu mchana na ya pili saa nane kamili, akajisifu kwamba hakuchelewa. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni, mpaka zitimie dozi sita. Kisha dawa hii inataka mafuta. Ukiinywa na chai ya rangi tumboni hakuna kitu, sehemu kubwa inapita bure. Mpe mtoto maziwa, au mchuzi wa sangara wenye mafuta yake, au dagaa waliokaangwa. Na homa ikishuka siku ya pili, msiweke vidonge vilivyobaki juu ya kabati kwa ajili ya mdogo wake. Zile za siku ya tatu ndizo zinazomaliza kazi.

Basi, mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, niliombwa kusoma slaidi za mradi wa kupima kama mseto bado una nguvu. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mtoto mwenye malaria anapewa dawa mbele ya muuguzi, anaonekana akimeza, anangojewa asitapike. Kisha anatolewa damu siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, mpaka ya ishirini na nane. Damu ikibaki safi, dawa imeshinda. Vimelea vikirudi mapema, kuna jambo. Watoto wetu wengi walitoka kijiji kimoja upande wa Suguti, watu wa shamba na wa ziwa, na mimi nilikaa maabara Musoma mjini na namba zangu. Sikumjua hata mmoja kwa uso.

Mtoto namba kumi na saba alikuwa wa kawaida. Siku ya kwanza damu imejaa. Siku ya tatu safi. Siku ya saba safi. Siku ya kumi na nne nikaweka slaidi yake chini ya lenzi, nikaongeza tone la mafuta ya hadubini, na kiwanja cha kwanza tu nikaona vimelea vinne.

Vijana, nisikilizeni. Siku ya kumi na nne ile dawa inayobaki nyuma bado iko kwenye damu inafagia. Vimelea vinavyorudi siku hiyo, tena kwa wingi ule, kwa mtoto aliyemeza dozi zote sita mbele ya muuguzi, ni habari mbaya. Nilikuwa nimeziona dawa mbili zikifa mbele ya macho yangu. Nikasema moyoni, na hii nayo. Nikafikiria wajukuu zangu, halafu nikafikiria kila mtoto aliyetoka dirishani kwangu na pakiti mkononi.

Lakini sikubishana na slaidi, hilo nililiapia zamani. Nikaisoma mpaka mwisho, nikaipeleka kwa msomaji wa pili bila kumwambia kitu, naye akaandika vilevile. Hapo ilikuwa imethibitika.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonikera. Kuhesabu vimelea unahesabu pia chembe nyeupe, mia mbili. Namba kumi na saba, siku ya tatu na ya saba, alikuwa na zile chembe nyeupe zenye punje nyekundu, nyingi mno, kama watoto wetu wengi wa ziwani wenye kichocho na minyoo. Siku ya kumi na nne niliziona mbili tu. Nikamwambia daktari msimamizi wa mradi kwamba damu hii hainikumbushi yule mtoto. Akanijibu kwa heshima kwamba malaria ikipanda inaweza kuzipunguza chembe hizo, na alikuwa sahihi. Mimi pia nalijua hilo. Alisema ile karatasi tunayodondoshea tone la damu kila mara itapelekwa kulinganishwa vinasaba vya vimelea vya kwanza na hivi vipya, tutapata jibu baada ya miezi, na kesho yake muuguzi ataenda kumpa mtoto dawa ya akiba.

Sikuweza kukaa na jambo hilo miezi. Nikamwomba kitu ambacho mtu wa maabara haombi. Nikamwambia nataka kwenda kumwona mtoto.

Asubuhi nikapanda gari la mradi pamoja na muuguzi aitwaye Neema. Neema alikuwa amekuja juma lile tu kushika nafasi ya mwenzake aliyekwenda likizo ya uzazi, na yeye ndiye aliyechukua damu ya siku ya kumi na nne. Njiani akaniuliza kama mtoto anaweza kufa, nikamwambia tukifika mapema hafi, na niliposema hivyo nilimaanisha kweli.

Mwenye mji ule alikuwa Bibi Nyangeta, mama mtu mzima mwenye wakwe wawili, wake za wanawe, na wajukuu wengi. Wakwe walikuwa wamekwenda Musoma kuuza dagaa. Yeye alikuwa anamenya mihogo. Tulimwamkia, akaitikia, akatuambia kabla hatujauliza kwamba Magesa yuko ndani kwenye mkeka na homa imepanda tangu jana. Akaita mtoto mwingine alete kigoda kwa wageni.

Mtoto huyo alitoka mbio na kigoda kichwani. Alikuwa na umri kama wa miaka minne, tumbo mbele. Akaliona sanduku la bluu la mradi mkononi mwa Neema. Kigoda kikaanguka. Akaficha mikono yote miwili makwapani, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani.

"Kidole hapana," akasema.

Tukaingia ndani kwa Magesa. Alikuwa wa moto kweli, macho mazito. Neema alipofungua sanduku, mtoto yule akanyoosha mkono mwenyewe na kuuliza humo ndani mna biskuti. Nilikishika kidole chake cha pete nikakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa na alama moja, ya juzi. Namba kumi na saba alikuwa amechomwa mara tatu kabla ya juzi hiyo.

Nikatoka nje. Nilimwuliza Bibi Nyangeta, taratibu, yule aliyeleta kigoda anaitwa nani.

"Bwire."

"Amekuwa Bwire tangu kuzaliwa?"

"Hapana. Alikuwaga Magesa, alipewa jina la mzee wangu, kama huyu wa ndani. Walikuwa Magesa wawili hapa. Sasa alipopatwa na ile homa mliyomtibu, tukaona jina linamlemea, tukampa la mjomba wangu. Tangu hapo hajaumwa." Akamwangalia Neema. "Huyu binti alikuja akauliza Magesa yuko wapi. Hapa Magesa amebaki mmoja. Na alikuwa ameanza joto, nikajua mmesikia."

Ndugu zangu, nilikaa pale pale chini, kwenye maganda ya mihogo. Neema alianza kulia. Bibi akadhani ameleta msiba nyumbani kwake, akauliza kosa lake ni nini, nami nikamshika mkono nikamwambia hana kosa lolote, nikarudia mara mbili. Kwetu mtoto anayeuguaugua hubadilishwa jina, mimi mwenyewe ni mtu wa huku, nimekulia katika hayo. Nilikaa miaka yote nikisoma namba wala sikuwahi kuwaza kwamba siku moja jina lingehama kutoka kwa mtoto mmoja, na sisi tukalifuata lilikobaki.

Lakini kudhani si kujua. Tulichukua damu za wote wawili. Magesa akapimwa papo hapo kwa kile kipimo cha haraka, kikatoka mistari miwili, yaani malaria ipo, na Neema akampa mseto palepale, na bibi akaleta maziwa. Bwire ilibidi tumfukuze kuzunguka nyumba. Alikamatwa na dereva, akanipiga teke la goti ambalo lilinikumbusha wiki nzima kwamba mtoto ana nguvu.

Tuliporudi Musoma niliingia maabara moja kwa moja. Nilichuja rangi mara mbili. Nikaweka slaidi ya Bwire, nikafunika jina kwa plasta kama nilivyofundishwa, nikaanza. Kiwanja cha kwanza, hakuna. Zile chembe za punje nyekundu zilikuwepo, nyingi, zimejaa tele, nikazisalimia kama majirani. Cha kumi, hakuna. Cha arobaini. Cha tisini na mbili nilikaa nacho muda mrefu kuliko vingine. Cha mia, hakuna. Nikaongeza mia nyingine, ambayo hakuna aliyeniomba. Ilikuwa safi yote.

Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliizuia tangu enzi za klorokwini. Nilimpigia daktari simu nikaanza kusema kabla hajaitikia, akaniambia Mama Mafuru pumua kwanza. Dawa ilikuwa haijakataa. Tulikuwa tumemchoma mtoto mwingine.

Yakafuata maandishi mengi, kama mnavyojua ofisi. Kosa likaandikwa wazi, siku ya kumi na nne ya namba kumi na saba ikaandikwa kwamba imechukuliwa kwa kuchelewa, na Neema hakufukuzwa, maana nilisema kabisa kwamba akiondoka yeye naondoka na mimi. Tangu hapo fomu ya mradi ikawa na mistari minne ya jina: la ubatizo, la kliniki, la nyumbani, na lile alilobadilishwa. Tena picha ya mtoto ikabandikwa kwenye kadi yake. Na kwa watoto wengine tuliowafuatilia, damu nilizosoma mpaka mradi unakwisha zilinipa usingizi mzuri.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo. Mseto unafanya kazi, na mimi nimeuona ukifanya. Lakini sisemi utaishi milele. Mnasikia, nami nasikia, kwamba sehemu nyingine za ukanda huu wa ziwa vimelea vimeanza kuchelewa kuondoka. Ndiyo sababu nawaomba msichoke kwenye kiwanja cha arobaini. Slaidi ikikuambia jambo usilolitaka, usiilaumu rangi, na usikimbilie pia kusema dawa imekwisha. Nyanyuka, mfuate mgonjwa alipo, muulize anaitwa nani.

Imebaki habari ya Magesa.

Yeye hakuwa kwenye mradi, hakuna aliyetakiwa kumfuatilia. Mimi nilimfuatilia kwa ubishi wangu, kwa bodaboda, nauli yangu. Siku ya tatu nilimkuta anakimbia na Bwire, na slaidi yake ilikuwa safi. Siku hiyo Bibi Nyangeta aliniambia anatafuta jina la kumpa na huyu, kwa kuwa Magesa limeonekana zito kwa wajukuu wake wote. Nilimshika mkono, nikamwambia kwa mara ya kwanza katika maisha yangu namwomba mtu mzima jambo la nyumbani kwake.

"Bibi, usimbadilishe mpaka siku ya ishirini na nane. Nakuomba."

Akacheka sana. Akasema sawa, lakini siku hiyo jina nitakuja nalo mimi, maana ndiye niliyemzuia. Kisha akauliza Mafuru wangu yuko wapi siku hizi, kama ameoa. Nikamwambia. Nilimweleza yote, na klorokwini, na zile slaidi mbili. Hakunipa pole za haraka. Alimenya mhogo mmoja hadi mwisho, akauweka kwenye maji.

"Basi jina si unalo," akasema.

Siku ya ishirini na nane nilikwenda nalo. Wakwe wote wawili walikuwepo, na Bwire alikuwa ameshapanda juu ya paa la banda la kuku, hata nilipomwonyesha kwamba safari hii sina haja naye. Mtoto alikalishwa magotini mwa bibi yake, akaambiwa jina lake, akalirudia bila shida, akauliza tena habari za biskuti. Safari hii zilikuwepo. Nilimchoma pembeni ya ncha, kidole cha pete, akakunja uso tu.

Nikachukua penseli nikaandika kwenye kioo. Kule maabara sikulifunika kwa plasta. Ndiyo slaidi pekee katika kazi yangu yote niliyotaka kusoma jina kabla ya damu, na Mzee Wambura popote alipo anisamehe. Nilisoma viwanja mia moja polepole. Kisha nikafungua daftari, nikaandika: Mafuru, miaka minne na nusu, Suguti. Hakuna vimelea.